Usimwambie Aje Kesho: Somo juu ya Ugonjwa wa Viungo

Masomo: Luka 13:10-17, na Marko 2:1-12. Tafadhali yasomeni kwanza katika Biblia zenu kabla ya kuendelea.



Habari ya mwanamke aliyepindana twaisoma mara nyingi kwa ajili ya Sabato, na kwa kawaida twaishia hapo. Twasema mkuu wa sinagogi alikuwa mtu wa sheria, Bwana wetu alikuwa mwenye huruma, basi, twaimba wimbo na kwenda nyumbani. Mwezi huu tuisome kwa ajili ya jambo jingine lililomo ndani yake, nalo ni kucheleweshwa kwa mgonjwa.

Mwanamke yule alikuwa katika hali ile miaka 18. Luka hasemi kwamba aliomba aponywe. Alikuwamo sinagogini siku ya Sabato kama wenzake, na bila shaka watu walikuwa wamekwisha kumzoea jinsi alivyo. Bwana akamwona, akamwita, akamwekea mikono. Ndipo mkuu wa sinagogi alipokasirika. Lakini angalieni alivyofanya: hakusema na Bwana Yesu, alisema na makutano. Aliwaambia kwamba ziko siku sita za kufanya kazi, waje kuponywa katika siku hizo. Hakusema mwanamke asiponywe. Alisema tu kwamba si leo. Na kwa hesabu ya kibinadamu neno lake lilikuwa na maana, kwa kuwa mtu aliyengoja miaka 18, siku moja zaidi ni kitu gani?

Bwana akamjibu kwa mfano wa ng'ombe na punda. Hakuna mtu amwambiaye punda mwenye kiu angoje mpaka kesho. Humfungua siku ile ile, hata kama ni Sabato, akampeleka majini. Sembuse binti wa Ibrahimu.

Mimi sidhani kwamba mkuu yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu. Na wengi wanaowachelewesha wagonjwa wetu ni watu wa namna hiyo, watu wema kabisa, kila mmoja na sababu yake. Ndiyo maana somo hili latuhusu.

Ugonjwa tunaotaka kuufikiria pamoja na somo hili ni ule wa kuvimba viungo ambao watu wengi huuita baridi yabisi. Sisemi kwamba mwanamke wa Luka alikuwa nao. Luka hatuambii, na ugonjwa huu kwa kawaida hushika vidole vya mikono na miguu kabla ya kushika mahali pengine. Lakini ni ugonjwa ambao neno "si leo" likirudiwa mara nyingi humgharimu mtu mikono yake.

Jina lenyewe limetuponza. Baridi na yabisi ni maneno ya tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, ambayo ilifundisha kwamba magonjwa hutokana na joto, baridi, unyevu na ukavu kuzidiana mwilini. Tiba hiyo ilikwisha kupita, jina likabaki, na pamoja na jina ikabaki dawa yake: mgonjwa avae sweta, asiguse maji ya asubuhi, achuliwe kwa mafuta ya moto. Hayo hayadhuru, na joto huweza kumpunguzia mtu maumivu. Lakini baridi haikuuleta ugonjwa huu, wala sweta halitauondoa.

Kinachotokea ni hiki. Mungu ameuwekea mwili kinga inayopigana na vijidudu vya maradhi, kama askari wa zamu. Katika ugonjwa huu askari huwageukia wenye nyumba. Hushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo, utando huvimba na kuwa mnene, kisha huanza kuila gegedu na mfupa ulio karibu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kati ya kila 10, kama 7 ni wanawake. Si ugonjwa wa wazee peke yao. Huwapata mama wenye watoto wadogo, na mara nyingine huanza katika miezi ya baada ya kujifungua. Wala hauishii katika viungo: mgonjwa huchoka sana, hukonda, hupungukiwa damu, na moyo wake huwa katika hatari zaidi kuliko wa wengine.

Tuutambueje? Kwanza, viungo huvimba. Maumivu peke yake yana sababu nyingi, lakini kiungo kilichovimba, chenye joto, laini kukigusa, ni habari nyingine. Pili, huwa mikono yote miwili, au miguu yote miwili, hasa pale vidole vinapoungana na kiganja, na vifundo vya mikono. Tatu, asubuhi mikono huwa imekakamaa. Mama hawezi kufunga vifungo vya mtoto wa shule, hawezi kukamua nguo, mwiko wa ugali wamshinda, na hali hiyo haimwachi kwa dakika tano au kumi bali kwa nusu saa, saa nzima au zaidi. Ndipo mchana anapopata nafuu kidogo, na watu husema, "Mbona sasa hivi nimemwona akitembea vizuri?"

Iko alama nyingine ambayo sisi wa kanisani tunaweza kuiona kabla ya daktari. Katika Misa, tunapopeana amani, yuko mtu anayekupa vidole viwili tu, au anayeinamisha kichwa na kuficha mkono ndani ya kanga. Twadhani ana kinyongo. Pengine mkono wake ukibanwa unamuuma vibaya mno. Madaktari wenyewe hukibana kiganja hivyo kwa upole, pale penye mafundo ya vidole, ili kuupima ugonjwa huu.

Magoti ya mzee yanayouma akipanda mlima na kupoa akikaa kwa kawaida ni mambo ya kuchakaa kwa kiungo. Kidole kikubwa cha mguu kinachovimba ghafla usiku mmoja, hasa kwa mwanamume, mara nyingi ni jongo. Hayo nayo yana dawa zake, lakini siyo tunayoyasema leo.

Sasa tuje kwenye muda, ambao ndio kiini cha somo. Mifupa haingoji mpaka mgonjwa awe kilema ndipo ianze kuliwa. Kwa wagonjwa wengi alama za kuliwa kwake huonekana katika picha ya eksirei ndani ya miaka miwili ya kwanza, na mfupa ulioliwa haurudi. Kwa sababu hiyo madaktari wa viungo wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walisema kwamba mtu mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 tangu dalili kuanza, na kama ugonjwa waelekea kudumu, dawa ianze ndani ya miezi 3. Aanzaye mapema ana nafasi kubwa zaidi ya ugonjwa kutulia. Anayeanza baada ya miaka hunufaika pia, wala asikate tamaa, lakini kilichokwisha kupinda hakitanyoshwa kwa vidonge.

Wiki 6! Hebu tuzifuate kwa mfano wa mama mmoja. Nimemtunga, lakini kila mmoja wenu atamtambua.

Amejifungua, mtoto ana miezi miwili, vidole vinaanza kuvimba. Mama mkwe asema baridi imemwingia kwa sababu hakukandwa maji ya moto sawasawa. Asema kwa upendo, na ni kweli kwamba alimkanda yeye mwenyewe. Wiki 3 zapita kwa maji ya moto. Jirani aleta dawa ya kuchua. Wiki 6. Mume anunua dukani vidonge vya maumivu, na kweli maumivu yapungua, basi wote wamshukuru Mungu, na wiki 10 zapita. Vidonge vyaisha, uvimbe upo pale pale. Aenda zahanati. Tabibu ana watu wengi mlangoni. Ampima malaria, hana. Ampa diklofenaki za siku tano. Mama arudi mwezi unaofuata, apewa tena. Mara ya tatu aandikiwa kipimo cha damu katika kituo cha afya, na majibu yarudi kwamba hakikuonyesha kitu. Aambiwa, "Mama, huna ugonjwa." Huyu mama hakufurahi kuambiwa hivyo, alilia, maana mikono yake yamwambia vingine. Sasa ni mwezi wa nane. Shangazi asema jambo ambalo hospitali hawalioni lina mwenyewe, na safari ya kwa mganga yaanza, chale zikachanjwa, kuku akachinjwa. Mwaka wa pili ndipo anapofika hospitali ya mkoa, na daktari wa kwanza anayemshika mikono aijua shida kabla hajakaa vizuri kitini. Lakini vidole vimeanza kwenda upande.

Ni nani aliyemkosea? Mama mkwe, jirani, mume, tabibu? Kila mmoja alimsaidia. Kila mmoja pia alimwambia, bila kujua, aje siku nyingine.

Tusidhani kwamba haya ni ya nchi maskini tu. Mwaka 2009 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza ilichunguza habari za wagonjwa hawa, katika nchi ambayo kumwona daktari hakutozwi fedha. Ilionekana kwamba kati ya nusu na robo tatu ya wagonjwa walikaa zaidi ya miezi 3 kabla ya kwenda kwa daktari, na kama mmoja kati ya watano alikaa mwaka au zaidi. Hata walipokwenda, kwa wastani walimwona daktari wao wa kawaida mara 4 kabla ya kupelekwa kwa bingwa. Mwongozo wa huko wa mwaka 2018 wawaagiza madaktari wampeleke mgonjwa haraka, hasa kama viungo vidogo vya mikono au miguu vimevimba, hata ikiwa vipimo vya damu havionyeshi kitu.

Neno hilo la mwisho lishikeni sana. Kile kipimo cha damu kinachofanywa zaidi kwa ugonjwa huu hakiwapati wagonjwa wote. Sehemu kubwa ya wagonjwa, hasa mwanzoni, huonekana hawana kitu. Tena wako watu wazima wa afya njema ambao kipimo huonyesha kitu, wala hawaumwi. Kipimo chamsaidia daktari, lakini uvimbe wa mikono ndio shahidi wa kwanza.

Basi mgonjwa aseme nini akifika zahanati? Wengi wetu tukiulizwa twajibu, "Mwili wote unauma," na tabibu asikiaye hivyo mara 40 kwa siku atafanya nini? Aseme hivi: "Viungo vyangu vimevimba, si maumivu tu. Ni mikono yote miwili. Ilianza wiki kadhaa zilizopita. Asubuhi inachukua saa nzima kabla vidole havijafunguka." Aende asubuhi, ili uvimbe uonekane. Akiisha kupewa dawa za maumivu mara moja na uvimbe ukabaki, aombe kwa heshima barua ya rufaa. Kuomba barua si utovu wa adabu. Ni kweli kwamba mabingwa wa viungo ni wachache mno katika nchi zetu, na walio wengi wako katika hospitali kubwa za mijini. Lakini daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya mkoa aweza kuutambua ugonjwa na kuanza tiba, kisha akashauriana na wakubwa zake. Mgonjwa asikae nyumbani kwa kuwa Dar es Salaam au Moshi ni mbali.

Juu ya dawa yapasa niseme kidogo, maana hapa nako watu huchelewa. Dawa za maumivu hutuliza maumivu. Haziuzuii ugonjwa kuila mifupa, na zikimezwa miezi mingi bila uangalizi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Halafu iko prednisoloni. Mwaka 1948, huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke wa miaka 29 ambaye viungo vilikuwa vimemlaza, na baada ya siku chache akatembea. Dunia ilistaajabu, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini muda si muda yakaonekana madhara: mifupa kuwa myepesi, sukari, shinikizo la damu, uso kuvimba. Prednisoloni ni ya ukoo huo huo. Mikononi mwa daktari, kwa muda mfupi, ni msaada mkubwa. Ikinunuliwa dukani mwezi baada ya mwezi ni mkopo wa riba kubwa. Wala asiiache ghafla mtu aliyeizoea. Amwendee daktari ampunguzie polepole. Na ile dawa ya unga isiyo na jina, inayomsimamisha mgonjwa siku ya pili, itilieni shaka. Unga wa namna hiyo umepata kukutwa katika nchi mbalimbali umechanganywa na dawa za ukoo huu.

Dawa zinazouzuia ugonjwa wenyewe ni nyingine. Inayotumika zaidi ni methotreksati, ambayo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki, si kwa siku, maana wako waliokufa kwa kuimeza kila siku. Pamoja nayo hutolewa vidonge vya foliki, na damu hupimwa mara kwa mara kwa ajili ya ini na chembe za damu. Mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia kuipata, asiimeze, bali amwambie daktari mapema, maana ziko nyingine zinazomfaa. Tena dawa hii huchukua wiki 6 hadi 12 kabla ya kuonyesha kazi yake. Wengi huitupa katika wiki ya tatu wakisema haifai, nao hurudi kwenye dawa ya kuchua.

Wengine watauliza: je, Bwana hakusema kwamba Shetani ndiye aliyemfunga mwanamke yule? Basi si maombi yatakiwayo, wala si hospitali? Nao wamesoma sawasawa. Bwana alisema hivyo. Lakini alilisema ili kuonyesha haraka ya kumfungua, si kumpa mtu sababu ya kumweka amefungwa zaidi. Luka aliyetuandikia habari hii ni yule ambaye Paulo amtaja kuwa tabibu. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amfundisha mgonjwa kumwomba Mungu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Padre aitwe, mgonjwa apakwe mafuta, waumini waombe, na wiki ile ile nauli itafutwe. Nami nawasihi viongozi wa vikundi vya maombi: msimwambie mtu aache dawa ili kuonyesha imani. Aliyetulia kwa sababu ya dawa akiiacha, ugonjwa mara nyingi humrudia.

Sasa fungueni Marko 2. Yule mwenye kupooza alichukuliwa na watu wanne. Mlango ulikuwa umezibwa, na waliouziba hawakuwa wahuni. Walikuwa watu waliokuja kulisikia Neno. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumzuia mgonjwa. Walisimama tu mahali pake. Wale wanne hawakurudi nyumbani kungoja watu watawanyike. Walipanda juu, wakaitoboa dari.

Katika mtaa wetu wanne hao ni nani? Mmoja ni wa kumwona mgonjwa na kumwuliza juu ya mikono yake, na hapo sioni wa kuwazidi wanachama wa Umoja wa Mama, waingiao jikoni mwa watu. Mmoja ni wa kwenda naye zahanati na kusema yale ambayo mgonjwa ataona haya kuyasema. Mmoja ni wa nauli. Halmashauri ya mtaa yenye mfuko wa wahitaji iufikirie ugonjwa huu mapema, wakati nauli ya mara moja bado yafaa kitu, kuliko kuchanga kwa ajili ya kiti cha magurudumu baadaye. Na mmoja ni wa kubaki na watoto na kuku na shamba. Huyu wa nne husahauliwa, na mara nyingi ndiye aliyekosekana, maana mama haendi mahali asipokuwa na wa kumwachia mtoto.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

Mkuu wa sinagogi alitoa sababu gani, na je, sababu hiyo ilikuwa ya uongo?

Katika habari ya mama wa mfano wetu, ni wapi hasa ambapo mtu mmoja angaliweza kuibadilisha safari yake? Tajeni mahali, si lawama.

Yuko nani katika kanisa letu ambaye hapeani mkono wa amani siku hizi, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumwamkia kabla ya Jumapili ijayo?